Nyumba za Katoni za Kambi ya Reli

Nyumba ya kwanza niliyoikata ilikuwa na theluji juu ya paa.

Niliipata kwenye mtandao, ya bure, imechorwa kwenye kurasa mbili: kuta nne, paa, bomba la moshi, na kando ya kila kipande vilimi vyeupe vya kupakia gundi. Niliichapa kwa mashine ya kazini kwangu, nikaibandika juu ya katoni ya biskuti, nikaikata kwa wembe, nikaikunja. Baada ya saa nzima ilisimama mezani bucha ya kijiji fulani cha Ulaya, yenye maua madirishani na kichwa cha nguruwe juu ya mlango. Nguruwe mwenyewe alikuwa anacheka.

Baba yangu aliinama akaitazama.

"Hii njo nini?"

"Boucherie, papa."

"Na hii kitu nyeupe kule juu?"

"Ni theluji."

Aliigusa kwa ncha ya kidole, kama mtu anayejaribu kujua kama kinyesi cha kuku kimekauka. "Treni yangu haiwezi kupita pembeni ya hii kitu," akasema. "Toa."

Nilikasirika, maana vidole vilikuwa vinaniuma, lakini hakukosea. Nilikuwa nimechapa majengo kumi na moja ya namna ile, na nilipoyapanga kando ya reli ya treni yake ndogo ya kuchezea nilihisi kinyaa ambacho sikukitarajia. Yalikuwa safi mno. Hapakuwa na kamba ya nguo, wala moshi ukutani juu ya jiko, wala alama ya mkono wa mtoto mlangoni. Niliyakunja yote yakarudi kuwa karatasi, nikayawashia mkaa.

Baba alifanya kazi ya reli maisha yake yote, na babu alitoka kaskazini mwa Katanga kuifuata kazi hiyohiyo. Baba alikuwa mkaguzi wa mabehewa. Treni ikiingia, yeye alipita chini chini na nyundo yenye mpini mrefu, anagonga gurudumu moja moja huku akisikiliza. Gurudumu zima hulia, lenye ufa hukohoa. Sisi tulizaliwa katika kambi ya reli, kwenye nyumba za matofali mekundu zilizopangwa mistari mitatu. Alipostaafu tuliondoka. Sasa anakaa nami katika mtaa wa Bel-Air, ambako nina chumba kinachotazama barabara, chenye kompyuta, mashine ya kuchapa na ya fotokopi. Watu huniletea barua za kuomba kazi, mitihani ya shule, mialiko ya arusi.

Treni ndogo ilitoka Kipushi. Shangazi yangu alifanya kazi za nyumbani kwa injinia mmoja mgeni wa huko mgodini. Mkataba wa mgeni ulipokwisha aligawa vitu vyake, na shangazi, aliyekuwa anatumaini friji, akapewa boksi. Ndani mlikuwa na injini ndefu kama shibiri, mabehewa sita, na reli za kuunganisha. Alituletea akiwa amenuna.

"Yaya, hii ni yako," alimwambia baba, maana ndivyo anavyomwita kaka yake mkubwa. "Miye siko na kazi na treni ya panya."

Baba aliona haya siku mbili. Siku ya tatu niliporudi kutoka sokoni nilikuta ameng'oa mlango wa stoo, ameulaza juu ya madumu manne, na treni inazunguka. Yeye ameketi kwenye kigoda, kichwa kimeinama upande, anasikiliza magurudumu.

Basi baada ya kuziteketeza zile nyumba za theluji aliniambia, "Weye uko na kompyuta. Chora kwetu."

Nilichukua futi ya fundi cherehani na daftari, nikaenda kambini. Sikuwa nimekanyaga pale miaka mingi. Matofali yalikuwa yaleyale, mabati yameota kutu, na katika nyumba nyingi walikaa watu waliotujua: wajane wa wafanyakazi, watoto wao, wajukuu. Nyumba ya kona, mstari wa kwanza unaotazama barabara kuu, alikaa mama mmoja ambaye mume wake alikuwa mwenzake baba. Alinibeba mgongoni nilipokuwa mdogo. Alinikuta nimepiga magoti mbele ya ukuta wake.

"Unapima nyumba yangu juu ya nini?"

Nilimweleza sababu: nitaipiga picha, nitaichora kwenye kompyuta, nitaichapa, nitaikunja iwe nyumba ndogo ya kuenea kwenye kiganja, kwa ajili ya treni ya baba. Alicheka mpaka akashika kiuno.

"Papa yako amerudia utoto. Leta, nishike huku."

Akashika ncha ya futi. Tulipima mlango, dirisha, kimo cha ukuta, upana wa baraza. Aliniagiza nisisahau mfereji, kwa sababu mvua ikinyesha maji "inaingiaka mu chumba", na nisisahau ufa ulioanzia dirishani. Mlango wake ulikuwa wa kijani, rangi ileile ya mabehewa ya zamani. Marehemu mumewe aliileta nyumbani kwenye kopo la maziwa. Kisha akanipa viazi vitamu na chai, tukakaa barazani. Nilirudi pale mara nne au tano. Jirani zake nao walinifungulia, kwa sababu walimwona yeye ameshika futi.

Kazi yenyewe haipendezi kama watu wanavyodhani. Mlango wa mita mbili unakuwa na urefu wa kiungo kimoja cha kidole. Mchoro unautengeneza kwenye kompyuta, picha ya ukuta unainyoosha mpaka matofali yalale sawa, halafu wino mwekundu unakwisha katikati na nyumba inatoka rangi ya nyongo. Pa kukunja unapita kwanza kwa kalamu iliyokauka wino, la sivyo katoni inapasuka. Mabati nilitengeneza kwa kuchuna ngozi ya juu ya boksi ili mikunjo ya ndani ionekane. Vioo vya madirisha vilikuwa nailoni ya kufungia mashati.

Gundi ya dukani ilikuwa inakauka kabla sijamaliza ukuta mmoja, hivyo nikapika uji wa unga wa muhogo. Ulishika vizuri. Wiki ya pili chumba kikaanza kunuka kitu kilichochacha, kama mdomo wa mlevi asubuhi. Nilidhani ni matambara. Siku moja mchana nilifunua paa la ghala la mizigo, ambalo lilinichukua siku sita, nikakuta mende. Si mmoja wala wawili. Walikuwa wamejaa mle ndani, wamelaliana, wamekula ukuta kutoka upande wa ndani mpaka ikabaki karatasi ya nje tu yenye picha ya matofali. Walipoona mwanga walimwagika mkononi mwangu, wakapanda mpaka ndani ya mkono wa blauzi. Nilipiga kelele hata mteja aliyekuwa anangoja fotokopi akakimbia nje. Mayai yao yalikuwa yamebandikwa kwenye pembe, palepale nilipopaka gundi, safi kama yamepimwa.

Baba alicheka. "Mubaya njo sisi," akasema. "Tulibapikia uji."

Kwa siku kadhaa sikuweza kula chochote cha muhogo. Baadaye jirani anayelima mboga alinifundisha kutia mrututu kidogo, ile dawa ya kupulizia mboga, kwenye uji ule. Ukawa wa buluu, na mende hawakuusogelea tena. Nilianza upya.

Mstari wa kwanza ulipokamilika nilifikiri tumemaliza. Baba akauzunguka ule mlango wa stoo akitazama nyuma ya nyumba.

"Choo biko wapi?"

"Papa, nani anataka kuona vyoo?"

"Bantu ya hizi nyumba balikuwa banaenda wapi?"

Kila mstari ulikuwa na safu moja ya vyoo vya pamoja, nyuma, vyumba sita chini ya bati moja. Sikutaka kuvikumbuka. Nilipokuwa mtoto niliingia mle nikiwa nimeziba pua kwa kanga ya mama, nimepandisha nguo mpaka kifuani ili isiguse kitu. Saruji ilikuwa na unyevu daima, hata Agosti wakati kila kitu kimekauka. Kulikuwa na funza weupe waliopanda ukuta polepole, na aliyetangulia kabla yako ulijua alikula nini. Usiku uliotangulia mtihani wa kumaliza shule ya msingi nilijizuia mpaka asubuhi nikaugua. Yote hayo yalinirudia nikiwa nimekaa mbele ya kompyuta, nakuza picha ya ukuta ule, natafuta doa hili na lile. Nilivichora nikiwa nimekunja uso. Vikawa jengo bora kuliko yote niliyopata kutengeneza. Baba alivishika akavinusa, nadhani bila kujua anafanya nini.

Sasa naja kwenye jambo lenyewe.

Mteja mmoja alipiga video treni ikipita mbele ya kambi, akaisambaza kwenye simu. Watu walikuja kutazama. Haikupita muda mrefu akaja bwana mmoja wa makamo, viatu vyeupe visivyo na vumbi hata kidogo, jambo ambalo katika mji wetu linataka gari na watu wa kukufungulia mlango. Alisema ametumwa na kamati ya watu wanaopenda historia ya mji. Aliomba kuona michoro yangu. Alikuwa na tabia ya kulamba kidole kabla ya kufunua kila karatasi. Alifunua hivyo kurasa ishirini na zaidi, na kwenye kona ya kila moja ikabaki alama ya mate yake. Niliiona. Nikasema moyoni, mwache, anatusifu.

Maana alitusifu sana. Alimwita baba "mzee wa reli". Alisema kamati inataka kufanya siku ya heshima kwa wazee wa kambi, Jumapili moja nitakapokuwa nimemaliza mistari iliyobaki, katika ukumbi wa parokia, na kambi yote ya katoni iwekwe katikati, mistari mitatu, kila nyumba na namba yake. Wataleta karatasi ngumu za kweli, gundi ya kweli, wino. Aliomba mambo mawili tu.

"Nyumba zisibandikwe chini. Kila moja iweze kutoka."

"Kwa nini?"

"Batoto bapate kushika, bajifunze, mama. C'est pédagogique."

Jambo la pili lilikuwa orodha: namba ya nyumba, na nani anakaa ndani, na tangu lini, ili majina ya wazee yasomwe vizuri siku hiyo. Kambini walinijua. Nilipita nyumba kwa nyumba na daftari langu, wakanijibu. Mama wa kona alinisahihisha hata tahajia ya jina la marehemu. Niliichapa orodha ile kwa herufi nzuri, nikaipamba kwa mstari wa rangi pembeni, nikampa yule bwana mkononi. Kila nikikumbuka ule mstari wa rangi nataka kuuosha mkono.

Jumapili ile ukumbi ulijaa. Wazee waliwekwa mbele, na baba kati yao, amevaa kofia yake ya kazi na koti ambalo sasa lingeweza kumwenea mara mbili. Kulikuwa na soda na sambusa. Kambi yangu ilikuwa juu ya meza yenye kitambaa cheupe, na watu walipita wakiitazama, wakionyeshana: hapa kwetu, hapa kwa fulani, tazama wameweka hata mwembe uliokatwa. Nilisimama kando nikila, nikipongezwa. Nilikuwa nimeshiba sifa.

Bwana wa viatu vyeupe alishika kipaza sauti akasoma majina, wazee wakapiga makofi kwa kila jina. Baba akaitwa mbele akapewa cheti chenye fremu na kioo. Kisha yule bwana akaenda mezani.

"Bapapa na bamama, hii njo mambo ya jana," akasema. "Sasa tuangalie ya kesho."

Akachukua nyumba ya kona kwa vidole viwili, akaiinua, akaitia ndani ya mfuko mweusi wa takataka ulioshikwa na msichana wa kamati. Kisha ya pili, na ya tatu, huku anaendelea kuongea kuhusu maduka na maegesho ya magari na ghorofa. Alipofika kwenye vyoo alisita, akatoa karatasi ya kupangusa mikono mfukoni, akavishika kwa karatasi ile, uso ameugeuza pembeni kama anasikia harufu.

"Excusez-moi," akasema, na ukumbi ukacheka.

Walicheka watu waliovitumia vile vyoo maisha yao yote. Baba alicheka pia, cheti kikiwa magotini. Nami, nisijifiche, mdomo wangu ulikuwa umeanza kutabasamu kabla sijaelewa.

Mahali palipobaki patupu aliweka majengo matatu ya plastiki yanayong'aa, yaliyokuja yametengenezwa tayari kutoka mbali, na miti ya sponji. Kicheko kikafifia. Mama wa kona akasimama.

"Ile nyumba uliweka mu mfuko ni yangu," akasema. "Iko na bantu ndani."

"Mama, tutaongea na kila mutu. Kwa utaratibu. Liste iko."

"Liste gani?"

Yule bwana aligeuza tu kichwa kunitazama, kwa heshima, kama unavyomkaribisha mwenzako aongee. Ukumbi mzima ukanitazama. Mama wa kona naye alinitazama, na nikaona anahesabu upya siku zote nilizokaa barazani kwake.

"Ni weye ulipima," akasema. "Nilikushikia futi."

Sambusa ilikuwa mdomoni. Nilishindwa kuimeza na nilishindwa kuitema. Niliona mafuta ya baridi yameganda kwenye kaakaa langu, na nyama ile, ambayo dakika moja nyuma ilikuwa tamu, ikawa kitu kilichokufa. Niliitema kwenye kiganja, nikaifumba ngumi, nikaenda kwa yule bwana nikiwa hivyo hivyo.

"Nirudishie orodha yangu."

"Iko ku bureau tayari, mama. Ku ofisi."

"Ulisema ni ya kusoma majina."

"Si nimeyasoma?"

Alisema bila hasira. Nilimpokonya msichana mfuko nikaanza kutoa nyumba, mkono mmoja tu, ule mwingine bado umefumba. Nyingine zilikuwa zimebonyea. Yule bwana aliniambia polepole, ili wengine wasisikie, kwamba karatasi ni ya kamati na gundi ni ya kamati, na nisijiaibishe mbele ya mzee wangu. Mdomo wake ulinuka mnanaa. Nilitoka na mfuko nikatapika nyuma ya ukumbi, karibu na bomba, mahali ambapo mwanamke mmoja alikuwa anaosha glasi. Alinitazama, akasogeza beseni lake, akamwaga maji juu ya matapishi. Hakuniambia pole. Labda na yeye alikaa kambini.

Nyumbani baba alikuwa ametangulia. Nilimkuta juu ya kigoda, anapiga msumari ukutani.

"Papa, usikitundike kile cheti."

"Juu ya nini?"

"Ulicheka. Walipovishika vyoo na karatasi, ulicheka."

Aliendelea kupiga msumari. Kisha akasema akiwa amenipa mgongo, "Maisha yangu yote nilikuwa chini ya wagon. Nani alinitaka mbele ya bantu? Leo banasema jina yangu mu micro. Weye unataka nitupe?"

Nilitaka atupe. Nilimwona mdogo na mchafu, baba yangu, na kioo kile cha bei rahisi mikononi, na wakati uleule nilijua kwamba mimi niliuza watu walewale kwa kitu kilekile, kusifiwa, tena mimi bila hata fremu. Cheti kipo hadi leo juu ya redio. Nikipita nageuza macho.

Kesho yake nilianza kupita kambini, nyumba kwa nyumba, kuwaambia kwa mdomo wangu kwamba orodha nimeitoa mimi. Sikujua namna nyingine. Mzee mmoja aliniita mwana wa nyoka. Kijana mmoja alinionyesha barua ya kuondoka iliyofika asubuhi hiyohiyo, yenye namba ya nyumba na majina ya watu wote wa ndani, hata mtoto mchanga. Tahajia zote zilikuwa sahihi, na kosa dogo la nafasi kati ya maneno mawili lilikuwa langu, nililitambua. Mama wa kona hakufungua. Aliongea kutoka ndani, nyuma ya ule mlango wa kijani.

"Uko na kitu kingine ya kupima?"

"Hapana, mama."

"Basi enda."

Mwanasheria mmoja anayesaidia watu parokiani alisema michoro inaweza kufaa: kila nyumba na vipimo vyake, picha zake, na wakaaji wake wa muda mrefu, viambatishwe kwenye malalamiko. Niliwachapia wote. Niliikata kila kona yenye alama ya mate kabla ya kuweka karatasi kwenye fotokopi, na nilifuta mashine kwa spiriti. Ni upuuzi, najua. Nilifanya hivyo hivyo.

Mstari wa pili na wa tatu bado imesimama. Kesi inaahirishwa, na watu wanalala mle bila kujua mpaka lini. Mstari wa kwanza ulivunjwa wakati wa kiangazi. Nilikwenda kutazama, nikaona ni lazima. Mashine ilimaliza nyumba ya kona kwa muda mfupi kuliko ninaoutumia kuchuna bati moja la katoni. Vumbi jekundu lilituingia mdomoni, wote, waliolia na waliokuja kutazama tu. Vyoo havikuguswa. Dereva aliinua ndoo ya mashine yake, akasogea, akasikia harufu, akarudi nyuma. Vilibaki peke yavyo kwenye uwanja mtupu kwa miezi, na watu waliopita barabarani waliingia mle na kutoka, hata harufu ikafika mahali palipoandikwa kwenye bango kwamba patajengwa maduka.

Baba bado huendesha treni yake. Kambi sikuirudisha mezani. Yeye mwenyewe alijaribu kukata stesheni, na mikono yake inavyotetemeka, ikatoka imepinda kama mtu mwenye kibyongo. Akanitazama nimwambie kitu. Nilisema paa limezidi ukuta.

Mama wa kona alihamia kwa binti yake, katika Annexe, pembezoni mwa mji, mahali barabara inapokuwa njia kati ya mashamba ya mahindi. Nilikaa wiki nyingi nikitengeneza nyumba yake, safari hii kwa karatasi niliyonunua mwenyewe: mfereji, ufa, baraza, kijani cha mlango nilikichapa mara saba mpaka kikawa chenyewe. Niliiweka kwenye boksi la viatu nikaenda nayo. Nilimkuta uani, amekaa juu ya mkeka, anapukuchua mahindi. Alinijibu salamu. Nilifungua boksi, nikaliweka mbele yake.

Aliitazama bila kuigusa.

"Umefanya muzuri," akasema.

"Ni yako, mama."

"Nitaifanya nini?"

Nilimwonyesha mfereji na ufa kwa kidole.

"Mutoto yangu, hii nyumba nitalala ndani? Nitapikia ndani? Usiku nitaangalia, nitalia, asubuhi nitaamka hapahapa." Hakupaza sauti. Alisukuma boksi kidogo kwa nyuma ya mkono, kama unavyosukuma sahani ya chakula kilicholala. "Peleka. Inaniletea roho mubaya."

Nilifunika boksi. Nilidhani ananifukuza, nikaanza kuinuka, lakini alikuwa ameshika gunzi lililojaa punje, ananinyooshea. Nililipokea. Nikakaa kwenye ukingo wa mkeka nikaanza kupukuchua, na yeye akaendelea na la kwake. Tulimaliza beseni zima la mahindi. Jua liliposhuka binti yake alirudi kutoka shambani na jembe begani, akanitazama, akamtazama mama yake.

"Huyu anakula hapa?"

"Hapana," alisema mama. "Anaenda sasa."

Niliinuka, nikapangusa vumbi la mahindi kwenye nguo, nikachukua boksi langu.